Refa Aliyeandikiwa Amechelewa

Mimi ni Amour bin Shaame bin Nahodha bin Msabah, mzaliwa wa Sokomuhogo, na nyumba niliyozaliwa ndiyo ninamoandikia maneno haya. Msabah alikuwa karani wa mizani forodhani, na husimuliwa kuwa watu waliokuwa hawaaminiani kwa lolote waliaminiana pale tu Msabah alipokwisha kupima. Mwanawe Nahodha, ambaye licha ya jina lake alitapika kila alipopanda chombo, alisomesha Kurani chuoni miaka arubaini. Baba yangu Shaame alikuwa mwalimu wa hesabu, na mpaka leo wapo wazee wenye wajukuu ambao wakiona rula ya mbao huficha vidole. Mimi nilishika chaki yake kwa miaka thelathini na mitatu. Siyataji haya kwa majivuno. Nayataja ili msomaji ajue ni watu wa namna gani waliogeuka makaburini mwao wiki zile nilipomtia aibu rafiki yangu Muhiddin.

Baraza yetu ina mchezo wa kubashiri matokeo ya mpira kila linapochezwa Kombe la Vitongoji. Si kamari, wala hapawekwi kitu. Atakayebashiri idadi kamili ya mabao hupata alama tatu. Atakayemtaja mshindi tu hupata moja. Mwisho wa mashindano, mwenye alama nyingi hupewa pembe ya baraza, pale mgongo unapopata ukuta na upepo wa kichochoro unapopita, akae mwaka mzima bila ya mtu kumwinua. Anayeona hilo ni jambo dogo hajapata kukaa katikati ya baraza ya Sokomuhogo mwezi wa Februari.

Kwa miaka ishirini na saba mimi ndiye niliyeshika daftari. Kila mtu aliandika bashiri yake kwenye kipande cha karatasi, akakitumbukiza katika kopo la maziwa, nami nililifunga kopo ilipoadhiniwa alasiri. Lakini wabashiri waliongezeka. Walikuja vijana, wakaja kina mama wanaotuma kutoka majumbani, wakaja jamaa waliohamia Fumba, hata tukafika thelathini na mmoja. Mwaka jana nilikosea hesabu mara mbili. Waliogundua walinyamaza kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kama wangenizomea.

Ndipo mjukuu wangu Nassra, anayefanya kazi ya takwimu, alipokuja na kompyuta yake ya mapajani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Hiyo mashine hainifundishi mimi kujumlisha."

"Haikufundishi, Babu. Wewe ndiye utakayeifundisha. Itafanya unaloiambia, lilo hilo, haiongezi wala haipunguzi."

"Basi ina adabu kuliko nyinyi."

Alinionyesha jedwali. Kila mbashiri ana mstari wake, kila mechi ina safu yake. Mtu hujaza bashiri katika simu, na simu yenyewe hupeleka bashiri pamoja na saa ilipotumwa. Kisha ipo fomula. Nassra alinisomea kwa Kiswahili: ikiwa saa ya kutuma imetangulia saa ya mpira kuanza, linganisha bashiri na matokeo, toa alama, la sivyo, andika AMECHELEWA. Niliipenda mara moja. Ilikuwa fupi, kali, haina upendeleo. Nilijiona kana kwamba nimeitunga mwenyewe.

"Safu ya saa za kutuma nimeificha, isikuchanganye macho," alisema. "Ukiitaka, nipigie nikuelekeze."

"Mimi sichanganywi na safu."

"Haya, Babu. Nikujazie na ratiba kabisa? Dakika mbili tu."

"Ratiba nitaiandika mwenyewe. Nimeandika ratiba za skuli kabla mama yako hajazaliwa."

Asubuhi yake akaniachia kompyuta, akapanda boti kwenda Pemba kwa kazi ya mwezi mmoja. Mimi nikakaa mbele ya kompyuta na tangazo la mashindano, nikajaza mechi zote kwa kidole kimoja. Tangazo lilisema kila mechi itaanza saa kumi alasiri. Nikaandika 10:00 kila mahali palipotaka saa. Mashine ilipokea bila ya kunung'unika, nami nikachukulia kuwa tumeelewana.

Siku ya kwanza, kati ya watu thelathini na mmoja, kumi na moja walitokewa na neno AMECHELEWA. Palizuka kelele. Kijana mmoja aliapa kuwa alituma mara baada ya kula chakula cha mchana. Mwengine alisema alituma akiwa bado yumo kazini. Nilisimama nikawatolea hotuba ambayo naikumbuka yote, kwa bahati mbaya. Niliwaambia kuwa mashine haina shangazi wala mjomba. Kuwa anayejiona amewahi si lazima awe amewahi. Na kuwa dawa ya kuchelewa ni moja, nayo ni kuamka mapema. "Mimi natuma saa moja asubuhi," nilisema, "na sijaona neno hilo mbele ya jina langu."

Wakanisikiliza. Hilo ndilo ninaloliona la ajabu zaidi katika kisa hiki: miaka thelathini na mitatu ya kusomesha haikupata kunipatia utii wa namna ile. Mnamo siku ya tatu vijana walikuwa wakituma bashiri baada ya sala ya alfajiri. Neno AMECHELEWA likapungua hata likakaribia kutoweka. Kina mama walinisimamisha njiani kunishukuru. Mke wangu, Bi Mwatum, ambaye hunisifu mara moja kila miaka kumi, alisema, "Wallahi Amour, hicho kikompyuta kimewaamsha watoto walioshindwa kuamshwa na baba zao." Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeyajua hayo tangu zamani.

Aliyeongoza jedwali alikuwa Usi, mnadi wa samaki, ambaye mpaka leo hajui kuotea ni kitu gani. Usi huwahi sokoni kabla ya jua, na hubashiri kwa matenga ya dagaa: yakishushwa matenga mawili kisha moja, huandika mbili kwa moja. Wa pili nilikuwa mimi. Na wa mwisho kabisa, bila ya alama hata moja, alikuwa Muhiddin.

Muhiddin ni rafiki yangu tangu chuoni. Alikuwa refa miaka ishirini na miwili, na katika kisiwa hiki hakuna aliyewahi kusema kuwa Muhiddin alipuliza kipenga kwa kumwogopa mtu au kumpenda. Sasa anakaa Michenzani, ghorofa ya nne, na kila alasiri hushuka na bakora yake kuja barazani kwetu. Yeye hakubadilisha saa zake. Alituma baada ya adhuhuri, kama alivyozoea.

"Refa hapulizi kipenga kabla hajauona uwanja," aliniambia. "Nangoja niwasikie walioumia, niangalie na mvua. Halafu natuma. Na natuma mapema, Amour. Nnakwambia mapema."

"Jedwali linasema umechelewa."

"Jedwali lina macho?"

"Lina fomula."

"Haya," alisema. "Mie nitaendelea kutuma saa zangu. Sina kosa nililofanya, kwa hivyo sina cha kurekebisha."

Niliona huo ni ukaidi wa uzee, nami humkumbusha mara kwa mara kuwa amenizidi miezi minne.

Kisha ikaja robo fainali ya Mkokotoni na Fumba. Ulikuwa mpira wa kichaa, ukaisha kwa mabao manne kwa matatu. Hakuna anayebashiri manne kwa matatu. Alasiri ya siku ya pili nilifungua jedwali barazani, watu wamenizunguka, nikasoma mistari kwa sauti. Nilipofika kwa Muhiddin nikasoma kama ilivyo: "Mkokotoni nne, Fumba tatu. Amechelewa."

Halafu Usi, ambaye ulimi wake umezoea mnada, akasema, "Lahaula! Refa kangoja kipenga cha mwisho ndio akabashiri!"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Muhiddin hakucheka. Aliniangalia mimi, si Usi.

"Amour. Kuchelewa ni kuchelewa, nimevumilia. Lakini hapa pana mtu kasema nimeandika matokeo baada ya kuyajua. Nionyeshe saa niliyotuma."

Saa ile ilikuwamo ndani ya mashine, katika safu iliyofichwa, na mimi sikujua namna ya kuifichua. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema: sijui, ngoja nimpigie mjukuu wangu. Watu thelathini wangelisikia kuwa mwalimu Amour hajui. Njia ya pili ndiyo niliyoifuata.

"Jedwali limeshasema," nilijibu. "Daftari halifunuliwi kila anayelalamika akitaka."

Muhiddin aliinuka. Akatwaa bakora yake, akavaa makubadhi yake bila ya haraka, akasema, "Assalaam alaykum," na kwenda zake. Siku ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Ilipofika siku ya nne nilimsikia mtoto mdogo kichochoroni akimwita mwenziwe aliyedanganya katika mchezo wa gololi: "Muhiddin wee!"

Siku ya nusu fainali ya kwanza nilikwenda Makunduchi asubuhi kwa hitima ya shemeji yangu. Nilirudi mjini mchana, nikatuma bashiri yangu saa nane kasorobo, nikasali, nikafungua jedwali. Mbele ya jina la Amour bin Shaame liliandikwa: AMECHELEWA.

Nikafuta miwani. Neno likabaki. Niliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Mpira ulikuwa bado, wachezaji wenyewe pengine walikuwa hawajafunga viatu, na mashine ilikuwa imekwisha kunihukumu kwa kuchelewa katika jambo ambalo halijaanza. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu niliona kuwa fomula inaweza kukosea. Nasikitika kukiri kuwa jambo hilo halikunijia akilini mpaka ilipomkosea mtu muhimu.

Nikampigia Nassra, Pemba.

"Mashine yako mbovu," nilimwambia.

"Inasemaje, Babu?"

Nikamweleza.

"Babu, mpira unaanza saa ngapi?"

"Saa kumi, kama tangazo linavyosema."

"Umeiandikaje?"

"Kumi, nukta mbili, sifuri, sifuri. Ungetaka niiandikeje?"

Kisha nikasikia sauti ya mtu anayejizuia kucheka mbele ya babu yake, sauti ambayo ni mbaya kuliko kicheko.

"Babu, mashine huanza kuhesabu usiku wa manane. Kumi yake ni saa nne yetu ya asubuhi. Saa kumi ya alasiri, kwake ni kumi na sita."

Mambo haya nilikuwa nikiyajua. Nimewasomesha watoto wa watu kusoma ratiba za ndege. Lakini mkono ulioandika ulikuwa mkono wa Sokomuhogo, nao hauijui saa kumi nyengine isipokuwa ile inayofuata adhana ya alasiri. Kwa hivyo kila aliyetuma asubuhi alihesabiwa, na kila aliyetuma mchana wa siku ya mechi alihukumiwa. Wale vijana niliowaita wavivu walikuwa wamewahi kwa saa mbili, tatu. Kuamka kwao alfajiri kulikuwa ni kulitii kosa langu.

Nassra alinielekeza. Nikaandika 16:00 kila palipokuwa na 10:00, na jedwali zima likapinduka mbele ya macho yangu. Muhiddin alipaa kutoka mkiani hadi kileleni kwa alama kumi na tisa. Usi akashuka akawa wa pili, kumi na nne. Mimi nikawa wa tano. Halafu nikafichua ile safu. Bashiri ya manne kwa matatu ilitumwa saa tisa kasoro dakika nane, zaidi ya saa nzima kabla ya mpira kuanza.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi: kuvaa kanzu, kwenda barazani, kusema. Badala yake nilimwita Usi nikamwambia awaarifu watu kuwa mashine ilipata hitilafu na sasa imetengenezwa.

"Hitilafu gani, Mzee Amour?"

"Ya kimitambo."

"Ya kimitambo vipi?"

"Usi, wewe ni fundi wa mitambo?"

"Hapana, Mzee."

"Basi nenda katangaze."

Akatangaza. Watu wakakubali papo hapo. Wengine walisema ni joto, wengine umeme, na mmoja akatoa hadithi ndefu ya jokofu lake. Hakuna aliyenishuku. Nilikuwa nimesitiriwa vizuri, na nusu fainali ya pili ikachezwa siku iliyofuata bila ya bashiri ya Muhiddin, kama ile ya kwanza.

Ilibaki fainali. Siku ya tatu niliona pahala pake barazani pamekaliwa na mtu mwengine, naye hakuuliza kama pana mwenyewe. Nikainuka nikaenda Michenzani.

"Hodi!"

"Karib... Aa. Hakimu." Muhiddin alisimama mlangoni. "Ingia ukae. Vuta pumzi kwanza, usije ukanifia hapa wakasema nimekuulia ubao wa alama."

Nikakaa. "Nimekuja kukwambia kuwa mashine ilikosea."

"Usi kanipigia. Hitilafu ya kimitambo."

"Naam."

"Amour, mimi nimewahi kutoa penalti ya uongo. Makunduchi, mbele ya uwanja mzima, na wewe ulikuwapo. Nilisema kipenga kina hitilafu?"

Nilitazama ngazi nilizopanda. Hazikunisaidia.

"Si mashine," nilisema. "Ni mimi." Nikamweleza habari ya kumi na kumi na sita, mwanzo hadi mwisho.

Alisikiliza huku mdomo ukimtetema. "Saa nne asubuhi! Yakhe, Mkokotoni na Fumba wamepiga mabao saba saa nne asubuhi, watu wako kwenye chai!" Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha, ghafla, kama alivyokuwa akiacha kutabasamu anapotia mkono mfukoni kutafuta kadi.

"Hilo la saa ni la kuchekwa, na nshacheka. Mie nilikuomba unionyeshe. Mbona hukunionyesha?"

"Sikujua kuifichua safu."

"Ungesema hujui, ungekufa?"

"Siku ile niliona hivyo."

"Ukaona bora nife mie." Akakaa mbele yangu. "Umeniaibisha barazani, Amour. Radhi unayoniomba huku juu inasikiwa na nani? Hizi nguo nilizoanika? Kesho, baada ya alasiri, waambie wote. Na ulitaje lote, si nusu."

Kesho yake nililitaja lote. Nilisimama mbele ya baraza, kompyuta imefunguliwa, nikasoma saa ya kila bashiri iliyohukumiwa, jina baada ya jina. Nikasema kuwa hapakuwa na hitilafu ya kimitambo. Nikasema kuwa Muhiddin aliniomba haki yake, nami nikaona heri yeye aitwe mwongo kuliko mimi niitwe asiyejua.

"Kwa hivyo," aliuliza Usi kwa upole, "kile kichekesho changu kuhusu kipenga..."

"Kilikuwa kashfa, nami ndiye niliyekupa sababu."

Usi alivuka baraza akaushika mkono wa Muhiddin na kumwomba radhi, sauti ya mnada haimo kabisa. Kijana mmoja akauliza, "Na sisi, Mzee, tulioamka alfajiri wiki tatu?"

"Kwa hilo siombi radhi," nilisema, na hapo ndipo watu walipocheka.

Wengine walipendekeza Muhiddin apewe alama za zile nusu fainali mbili alizokosa kwa hasira ya haki. Akakataa. "Goli la huruma sijapata kumpa mtu, sianzi na nafsi yangu." Katika fainali alimtaja mshindi, akafikia alama ishirini. Usi, kwa rehema ya matenga ya dagaa, aliotea nusu fainali moja kwa ukamilifu, nyengine kwa mshindi tu, na fainali kwa ukamilifu. Ishirini na moja.

Alama moja. Nusu fainali ya pili ilichezwa siku moja baada ya mimi kuijua kweli yote. Lau ningekwenda Michenzani jioni ile ile badala ya kumtuma Usi na uongo wangu, Muhiddin angebashiri, na mtu kama yeye hashindwi kumtaja mshindi; kwa uchache wangelingana. Leo Usi ameegemea pembe, upepo unampiga, na anamweleza kila apitaye kuwa kuotea ni bahati. Muhiddin anakaa katikati, kwenye jua, ubavuni pangu. Hajalitaja jambo hilo hata mara moja. Radhi ilimrejeshea jina lake, pembe haikumrejeshea.

Basi nyinyi vijana mnaoishi kwa vioo vya simu, mnaohukumiana kwa neno moja lililojitokeza lenyewe katika kisanduku, nataka mnisikilize, na sisemi mara mbili. Mtu akikwambia "nionyeshe," muonyeshe. Kama hujui pa kufungulia, sema hujui, sema kwa sauti, sema siku hiyo hiyo kabla mechi nyengine haijachezwa. Nimelipa kwa aibu kulijua hili nikiwa na miaka sabini na sita. Nyinyi nakuamrisheni mlijue leo.